Je, Wajua? Mshipi na Sangara wa Ziwa Victoria

Je, wajua ya kuwa mgeni akodiye mashua na nahodha katika Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, aghalabu humwinda samaki asiyekuwa mwenyeji wa maji yale? Sangara, awezaye kufikia uzito wa kilo 200, alitiwa humo katika miaka ya 1950, na kwa ulafi wake akaangamiza samaki wadogo waitwao furu wa aina nyingi mno, hasara ambayo, kwa rai yangu, haifidiwi na fahari yoyote ya uvuvi.

Kisiwani Rubondo ziwani humo, hifadhi ya taifa ya Tanzania tangu 1977, ambako uvuvi wa biashara umeharamishwa ili mazalio ya samaki yasalimike, mwenye kibali huruhusiwa kuvua kwa mshipi. Nahodha huiendesha mashua polepole kandokando ya miamba, ikiburuta nyuma yake chambo cha bandia chenye sura ya samaki mdogo. Na sangara akinaswa huruka juu ya maji, akitikisa kichwa ili aitapike ndoana. Atolewaye kilindini hufura kibofu chake cha hewa, akashindwa kuzama tena. Kwa hiyo nahodha mwenye insafu humchagulia maji ya kina kidogo mgeni anuiaye kumwachilia samaki wake.