Nanenane Nzuguni: Shule ya mkulima iliyogeuka gulio

KILA mwaka kati ya Agosti 1 na 8, barabara ya Dodoma kwenda Morogoro hufurika watu pale Nzuguni. Daladala hujaa, bodaboda hupandisha nauli, na vumbi la kiangazi hutanda juu ya mabanda. Ni Nanenane, sikukuu ya wakulima.

Lakini simama langoni jioni uwatazame wanaotoka. Huyu amebeba beseni na chupa ya chai, yule zulia, mwingine viatu vya mtoto na furushi la mitumba. Anayetoka na pakiti ya mbegu ya mtama, au karatasi yenye maelezo ya kukinga kuku dhidi ya mdondo, ni wa kutafuta.

Kwa wakulima wenye umri mkubwa wa Mpwapwa, Kongwa, Bahi na Manyoni, picha hiyo inatia majonzi. Wao wanaikumbuka Nanenane nyingine. Ilikuwa safari ya kujifunza, na aliyekwenda alirudi kijijini akiwa na la kusimulia. Leo wengi huiita gulio, na hawalisemi neno hilo kwa kusifu.

Ilikotoka

Asili ya maonyesho haya ni Sabasaba. Julai 7 ni siku ambayo TANU ilianzishwa mwaka 1954, na baada ya Uhuru ikawa pia Siku ya Wakulima. Katika miaka ya 1990 mambo yaligawanywa. Sabasaba ikabaki na biashara, na maonyesho yake ya kimataifa hufanyika Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Mkulima naye akapewa siku yake, Agosti 8.

Kanda zikapata viwanja vyake: Themi mjini Arusha, John Mwakangale mjini Mbeya, Ngongo mkoani Lindi, na Nzuguni kwa Kanda ya Kati, yaani mikoa ya Dodoma na Singida. Kwa hiyo mkulima alitengewa siku na mahali pake, mbali na soko la bidhaa za viwandani. Miaka si mingi baadaye soko hilo likamfuata hukohuko.

Wazo la mwanzo lilikuwa rahisi. Mkulima haamini sana anachosomewa. Anaamini anachokiona na kukishika. Ndiyo maana kiini cha uwanja kilikuwa vipando, yaani vishamba vidogo vya mfano. Mtu wa Chamwino aliyezoea kumwaga mbegu ya mtama ovyo angeona mtama uliopandwa kwa mstari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari, akahesabu masuke mwenyewe. Angeona aina ya Macia, au Hakika na Wahi zinazostahimili kiduha, zikiwa bega kwa bega na mbegu yake ya asili.

Upande wa mifugo kulikuwa na ng'ombe aina ya Mpwapwa, waliotokana na kazi ya watafiti wa huko ya kuchanganya damu ya zebu wetu na ng'ombe wa Kihindi kama Sahiwal. Mfugaji aliweza kusimama mbele ya dume, akalinganisha na aliyemwacha zizini.

Nani anamlipia mwalimu?

Ni rahisi kuwalaumu wafanyabiashara. Hata hivyo, hesabu inaonyesha kwamba walifuata fedha ilipo, kama mtu yeyote mwenye akili ya biashara angefanya.

Kwanza, Agosti ni mwezi wa fedha vijijini. Katika uwanda wa kati mvua ni ya msimu mmoja, takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mavuno huingia kuanzia Mei hadi Julai. Ifikapo Nanenane, alizeti na karanga zimeuzwa na mfuko una kitu. Hakuna wakati mzuri zaidi wa kumuuzia mkulima beseni.

Pili, uwanja una gharama: maji, umeme, vyoo, ulinzi na usafi. Muuza vyombo hulipia nafasi yake na kuanza kuuza siku hiyohiyo. Kipando kinahitaji kulimwa, kupandwa, kumwagiliwa na kulindwa dhidi ya ndege kwa miezi mitatu au minne kabla lango halijafunguliwa, na kikikamilika hakiingizi shilingi. Msimamizi yeyote akiweka hesabu hizo mbili mezani, bila fungu maalumu la kulipia mafunzo, nafasi ya muuza vyombo itapanuka na ya kipando itapungua.

Tatu, Dodoma yenyewe imebadilika. Serikali ilianza kuhamia kwa kishindo mwaka 2016, mji ukapandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2018, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji hilo. Nzuguni, iliyokuwa pembezoni, sasa ina stendi kuu ya mabasi na Soko Kuu la Job Ndugai. Wengi wanaoingia uwanjani ni familia za mjini zinazotaka matembezi, soda na kuwaonyesha watoto wanyama pori. Hilo si kosa lao. Lakini uwanja unaohudumia matembezi hupangwa tofauti na uwanja unaohudumia shamba.

Kipando cha bomba

Kuna kasoro nyingine ambayo hata mabanda ya mitumba yakiondolewa yote itabaki. Mwezi Agosti Dodoma haina mvua. Kila mtama, uwele na alizeti inayosimama kijani Nzuguni siku hizo imenyweshwa maji ya bomba.

Mkulima wa mvua anaangalia zao ambalo halikukutana na adui yake mkubwa, ukame wa katikati ya msimu. Haoni ni aina ipi hunyauka Februari mvua ikikatika wiki tatu, na ipi husubiri. Haoni tofauti kati ya sesa na matuta yaliyofungwa ili kushika maji. Anachoona ni shamba zuri, na moyoni anajiambia, “Hata mimi ningekuwa na bomba ningevuna hivi.” Somo limeishia hapo.

Zabibu iko tofauti kidogo. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na msimu mmoja huangukia Agosti na Septemba. Mwenye shamba la zabibu anaweza kuyatumia maonyesho kukutana na wanunuzi na watengeneza mvinyo akiwa na mzigo mkononi.

Yaliyowakuta wengine

Tatizo hili si la Nzuguni peke yake. Huko Florida, Marekani, Walt Disney alikusudia kujenga EPCOT, mji wa mfano wa watu 20,000 wa kuonyesha maisha ya kesho. Alifariki mwaka 1966 kabla ya kuujenga. Kampuni yake ikafungua mwaka 1982 bustani ya maonyesho yenye jina hilo, ambamo mabanda makubwa yalifundisha kuhusu nishati, bahari na kilimo. Mafunzo hayakuvuta watu kama michezo. Banda la nishati lilifungwa mwaka 2017, na mahali pake pakawekwa treni ya mchezo inayokimbia kwa kasi, iliyofunguliwa mwaka 2022. Waliolipenda banda la zamani wanalililia hadi leo.

Hata hivyo, banda la kilimo limebaki. Nyumba zake za kuoteshea mazao bado zinafanya kazi, wageni hupita ndani yake wakitazama, na sehemu ya mavuno huliwa katika migahawa ya hapohapo. Kipando kile kimedumu kwa sababu ni sehemu ya matembezi na kina mahali pa kupeleka mavuno yake.

Uingereza mambo yalikuwa magumu zaidi. Maonyesho makubwa ya chama cha kifalme cha kilimo, yaliyoanza mwaka 1839, yalifanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2009.

Nini kifanyike

Mwaka 2024 maonyesho ya kitaifa yalifanyika Nzuguni, jambo linaloonyesha kwamba uwanja huu bado unapewa uzito. Kinachotakiwa ni kuupanga upya kwa hesabu.

Maonyesho yanachukua siku 8 kati ya 365, yaani kama asilimia 2 ya mwaka. Vipando vya mtama, uwele na alizeti vingepandwa Desemba kwa maji ya mvua tu, wakulima wakaalikwa Machi au Aprili kuona kilichosimama na kilichonyauka. Siku hiyo haihitaji jukwaa wala muziki.

Kila kipando kiwe na kibao chenye jina la mbegu, tarehe ya kupandwa, kiasi cha mvua kilichopimwa, gharama kwa ekari na magunia yaliyopatikana. Bila gharama na mavuno, kipando ni maua.

Wafanyabiashara wapewe eneo lao na wabaki, kwa kuwa wajasiriamali wadogo wanaosindika alizeti, asali na karanga hupata wateja hapo. Sehemu ya ushuru wao itengwe iwalipe wanaotunza vipando.

Na fedha ya Agosti itumike vizuri. Mkulima anahitaji mbegu Novemba, wakati mfuko wake umekwisha. Wauzaji wa mbegu zilizothibitishwa wakipokea oda na malipo kwa awamu wakati wa Nanenane, mwezi uleule unaouza mabeseni utauza pia mavuno ya mwaka unaofuata.

Kabla hujapanda basi

Mkulima asisubiri uwanja urekebishwe. Watu kumi wa kijiji kimoja wanaokwenda kila mtu kivyake hutumia nauli kumi na kurudi na mabeseni. Kijiji kikichagua wawili, kikawachangia nauli na kuwapa daftari, kitalipa nauli mbili na kupata taarifa moja ya kusomwa kwenye mkutano.

Daftari hilo liwe na maswali matano ya kuuliza kwenye kila kipando: Mbegu hii inaitwaje na inauzwa wapi? Inakomaa kwa siku ngapi? Ilimwagiliwa mara ngapi? Gharama yake kwa ekari ni shilingi ngapi? Nani wa Kanda ya Kati ameipanda kwa mvua tu, akavuna magunia mangapi?

Mwenye banda asiyeweza kujibu swali la mwisho, hata zao lake liwe la kijani kiasi gani, mwenye kubeba daftari aende banda linalofuata.