Bei ya Anga Juu ya Nyumba ya Urithi

Mama mmoja mjane wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliniita mwezi uliopita nimsomee karatasi. Tuliketi barazani, hatua mbili kutoka kwenye mikokoteni ya wachuuzi. Nyumba yake ni ile ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, uani choo na jiko. Kulia kwake pana ghorofa nane, kushoto kumi, hivyo jua linafika uani saa sita na kuondoka saa nane. Dalali alikuwa amemletea ofa ya shilingi milioni 250, na maneno juu yake: "Mama, nyumba imeshachoka, bati lote kutu, nani mwingine atakupa hela hiyo?"

Kuhusu bati dalali alisema kweli. Ila bati haliingii kwenye hesabu hata kidogo, maana nyumba yenyewe itabomolewa kabla wino wa mkataba haujakauka. Mwekezaji anatafuta kiwanja pamoja na anga iliyo juu yake, na sisi wathamini tuna namna ya kuipigia hesabu anga hiyo. Tunaanza na jengo lililokwisha, halafu tunarudi nyuma hadi kwenye udongo.

Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, jengo la ghorofa nane litatoa mita za mraba 1,600 za kuuza, kila mita milioni 2.5. Hiyo ni bilioni 4. Ujenzi utakula bilioni 2.2. Riba ya benki, ada za wataalamu, vibali na kodi, weka milioni 500. Mwekezaji naye hafanyi kazi ya sadaka: mpe asilimia 20 ya mauzo, yaani milioni 800. Zinabaki milioni 500, na hiyo ndiyo thamani ya ardhi. Ongeza au punguza ghorofa moja, uone jibu linavyoyumba. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "unanipa ngapi?", uliza "unajenga ngapi?", na jibu usilipokee kwa dalali. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, uulize urefu unaoruhusiwa mtaani kwako, na kama matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, pengine makazi peke yake, yanaweza kubadilishwa yawe makazi na biashara.

Kama jirani ameshauza, piga hesabu upya. Viwanja viwili vikiunganishwa hubeba jengo ambalo kimoja kisingelibeba, kwa kuwa ngazi na lifti hula nafasi ileile kwenye kiwanja kidogo na kikubwa. Ana nguvu ya bei anayeuza mwisho, ingawa akikaza kamba mno mwekezaji hubadili ramani na kujenga bila yeye. Ikifika hapo, piga picha zenye tarehe za kuta zako zote kabla shimo la msingi halijachimbwa. Nyufa zikija, utakuwa na ushahidi wa jinsi ukuta ulivyokuwa.

Lakini Kariakoo wengi hawauzi, wanaingia ubia. Mwenye kiwanja anatoa ardhi, mwekezaji anatoa fedha, jengo likiisha wanagawana ghorofa. Si mpango mbaya, na kwa familia yenye wakili mzuri naupendelea kuliko kuuza. Tatizo ni mikataba yenyewe. Wa ubia aliokuwa ameletewa yule mama, kando ya ile ofa ya kuuza, ulisema atapata "ghorofa mbili," basi. Zipi? Chini ndiko kwenye fremu za maduka, ndiko mpangaji anakolipa kilemba kabla hata hajashusha mzigo. Ghorofa ya saba ni stoo na vyumba vya kupangisha, na lifti ikiharibika hakuna anayetaka kupanda. Andika namba ya fremu, upande unaotazama barabara na ukubwa kwa mita, kisha ambatisha ramani iliyosainiwa na pande zote. Andika pia nani atakulipia pango wakati ujenzi unaendelea, na fidia ya kila mwezi jengo likichelewa.

Kisha kuna hati. Mwekezaji ataiomba "kwa ajili ya vibali," na huenda ni kweli. Ila hati hiyohiyo ndiyo benki huitaka iwe dhamana ya mkopo wa ujenzi. Rehani ikishasajiliwa juu ya kiwanja chako, deni lake limeota mizizi kwenye ardhi yako. Jengo likikwama ghorofa ya tatu na marejesho yakasimama, benki itauza dhamana iliyonayo, na dhamana ni kwako. Mkataba useme kama rehani inaruhusiwa, mwisho wake shilingi ngapi, na sehemu zako zitafunguliwa lini kutoka kwenye deni. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo inaruhusu kila sehemu ya ghorofa kuwa na hati yake. Bila hati hizo, ndani ya jengo lililosimama kwenye kiwanja cha baba yako, wewe ni mpangaji mwenye heshima.

Nikamuuliza yule mama hati ina jina la nani. La marehemu mumewe. "Watoto wote wamekubali, mwanangu," akasema. Kukubaliana kwao ni heri, lakini anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa wanandoa walio hai, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mmoja kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Mrithi aliyesahaulika leo atafika na wakili siku zege la ghorofa ya tano linamwagwa.

Mchunguze na mwekezaji mwenyewe. Wanahisa wa kampuni yake wako kwenye kumbukumbu za BRELA, wakala wa usajili wa kampuni. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, na kampuni ambayo wanahisa wengi ni wageni inahesabiwa hivyohivyo hata ikiwa na jina la Kiswahili safi.

Akikwambia muandike bei ndogo ili kukwepa kodi, kataa. Kwa mkazi wa Tanzania mwenye kumbukumbu za gharama zake, kodi ya mauzo hayo ni asilimia 10 ya faida, si ya bei yote. Ukiandika milioni 100 kwa nyumba ya 400, umevunja sheria, na mnunuzi akigoma kulipa awamu ya pili utaingia mahakamani ukidai fedha ambazo saini yako mwenyewe inazikana.

Yule mama hajasaini. Ameanza na shauri la mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, na hati ameificha kwa dada yake Temeke. Jumatatu dalali alipita tena. Habari za bati hakuzitaja, na bei ilikuwa imefika milioni 380.