Kukodi mashine ya kuvuna na kuvundika malisho: mambo ya kupatana kabla kazi haijaanza

Katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea mvua huja kwa msimu mmoja tu. Huanza kati ya Novemba na Desemba, hukoma Aprili au Mei, kisha kiangazi hushika hadi mwisho wa mwaka. Familia ya Nandagala yenye ng'ombe wawili wa maziwa huweza kuwa na majani tele mwezi Machi, na ifikapo Septemba ikabaki na mabua makavu ambayo hayatoshi kumfanya ng'ombe atoe maziwa.

Njia mojawapo ya kuvuka kiangazi ni sileji, yaani majani mabichi yaliyovundikwa ndani ya shimo lisilopitisha hewa. Kazi hiyo ina haraka yake. Majani yakishakatwa, hayana budi kukatakatwa, kushindiliwa na kufunikwa katika siku moja au mbili. Mikono ya familia ndogo mara nyingi haitoshi, hivyo hukodiwa mtu mwenye trekta au mashine ya kukatakata majani. Tangu hapo mfugaji anakuwa mnunuzi wa huduma, mwenye haki za kudai na wajibu wa kutimiza.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kupatana na mtoa huduma huyo. Tunasisitiza jambo moja kuliko yote: usipatane bei ya kukata majani peke yake. Patana kazi itaisha lini, na ikiwa katika hali gani.

Unachonunua ni nini

Sileji hutengenezwa na vijidudu vilevile vinavyochachusha togwa na kugandisha maziwa. Visipopata hewa, hubadili sukari ya majani kuwa asidi, na asidi hiyo huzuia majani yasioze. Hewa ikibaki ndani ya shimo, ukungu na uozo hutangulia, na malisho huharibika hata kama majani yalikuwa mazuri.

Kwa hiyo huduma yote ina hatua tano: kukata majani kabla hayajakomaa na kuwa magumu, kuyanyausha juani kwa saa kadhaa, kuyakatakata vipande vya sentimita 2 hadi 3, kuyashindilia tabaka kwa tabaka, na kulifunika shimo kwa karatasi ya nailoni na udongo juu yake. Kwa majani yenye sukari kidogo, kama mabingobingo, huongezwa molasi.

Baadhi ya watoa huduma hufanya hatua ya kwanza na ya tatu tu, kisha huondoka. Hilo si kosa iwapo mmepatana hivyo. Ugomvi huzuka pale mwenye mashine anapohesabu kuwa amemaliza, ilhali mfugaji amebaki na rundo la majani linaloanza kupata joto jua likizama, bila watu wa kulishindilia. Tunashauri kila hatua kati ya hizo tano itajwe, na mbele yake liandikwe jina la atakayeifanya. Vilevile iandikwe nani atanunua mafuta, nailoni na molasi, na nani atalipa gharama ya kuileta mashine kijijini na kuirudisha.

Jua kiasi unachohitaji

Anayejua mahitaji yake hauziwi kazi asiyoihitaji. Tuchukue mfano wa ng'ombe wawili, kila mmoja akipewa kilo 20 za sileji kwa siku, pamoja na malisho mengine, kwa siku 120 za kiangazi. Jumla ni kilo 4,800. Mita moja ya ujazo ya majani yaliyoshindiliwa vizuri huweza kubeba kilo 500 hivi. Shimo lenye urefu wa mita 4, upana wa mita 2 na kina cha mita 1.2 lina mita za ujazo 9.6, nalo hutosha kiasi hicho. Ni busara kuongeza kidogo, kwa kuwa tabaka la juu na la pembeni aghalabu huharibika.

Chimba shimo kabla ya siku ya mashine, mahali palipoinuka ambapo maji ya mvua hayatuami. Mashine inayosubiri shimo lichimbwe hula fedha za mfugaji bila kufanya kazi.

Kipimo cha malipo

Malipo huweza kuhesabiwa kwa saa, kwa ekari, kwa uzito au kwa kazi nzima.

Malipo kwa saa humwelemea mfugaji. Visu vikiwa butu, mashine ikiwa mbovu au dereva akiwa mgeni wa kazi, saa huongezeka na anayelipa ni mwenye majani. Ukikubali kulipa kwa saa, sema wazi kuwa muda wa matengenezo na wa kutafuta mafuta hauhesabiwi.

Malipo kwa ekari yanaonekana kuwa na haki, lakini hutegemea ekari imepimwaje. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Vijijini imezoeleka kupima hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho hulingana na ekari iwapo kila hatua ina sentimita 91 hivi. Mpimaji akipiga hatua za sentimita 80, kipande kitakuwa na mita 56 kila upande, sawa na mita za mraba 3,136. Hapo mfugaji amepunjwa zaidi ya moja ya tano: akilipia ekari 5 atakuwa amekatiwa chini ya ekari 4. Tumieni kamba iliyopimwa kwa futikamba, pande zote mbili zikiwapo. Mraba wenye mita 63.6 kila upande ni ekari moja.

Malipo kwa uzito yanahitaji mizani. Mizani inayotumika katika biashara haina budi kuwa imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, nawe una haki ya kuuliza alama ya uhakiki huo. Kumbuka pia kuwa majani yaliyolowa mvua yana uzito mwingi wa maji, na maji hayo si chakula.

Kwa familia yenye shimo moja, tunaona malipo kwa kazi nzima ndiyo salama zaidi: bei moja, kwa shimo la ukubwa uliotajwa, likiwa limejazwa, limeshindiliwa na limefunikwa. Hapo mwenye mashine naye ana sababu ya kutaka kazi iishe upesi na vizuri.

Siku, mvua na kuharibika kwa mashine

Eneo hili lina kumbukumbu yake juu ya mashine na msimu. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa kwa wingi, lakini ardhi na mvua havikuwa vimechunguzwa vya kutosha, na mwaka 1951 mpango huo uliachwa. Shimo la mfugaji mdogo ni jambo dogo mbele ya hayo, ila linahitaji tahadhari ileile: kupata mashine hakutoshi iwapo haikuja kwa wakati wake.

Majani mazuri ya kuvundika yapo wakati mvua bado inanyesha, na kunyausha kunahitaji jua. Kwa hiyo usipange siku moja tu. Taja siku ya kwanza na siku ya mwisho ambayo kazi inakubalika, na mwenye mashine athibitishe siku moja kabla. Sema pia kuwa mvua ikinyesha kazi itaahirishwa bila faini kwa upande wowote, maadamu majani hayajakatwa. Yakishakatwa, hatari imeanza, na mkataba ueleze nani ataibeba.

Mashine ikiharibika shimo likiwa nusu, yafaa iwe imekwisha kukubaliwa kwamba kilichomo kitashindiliwa na kufunikwa jioni ileile. Kwamba mtoa huduma ataleta mashine nyingine katika muda uliotajwa. Na kwamba akishindwa, mfugaji anaweza kutafuta mtu mwingine au vibarua, na gharama ya ziada ikatwe kwenye malipo yake.

Nawe una wajibu. Ondoa mawe, vyuma na visiki katika majani, kwani kisu kikivunjika kwa jiwe ulilolificha au kulipuuza, mwenye mashine ana dai halali juu yako. Weka watoto mbali na mashine muda wote inapozunguka.

Arubuni na ushahidi

Si vibaya kutoa arubuni, yaani malipo ya awali, kwa ajili ya mafuta na usafiri. Lakini anayelipa yote kabla ya kazi amekwisha kutoa nguvu yake yote ya kudai. Tunashauri malipo ya mafungu matatu: arubuni ya kuileta mashine, fungu la pili shimo likijaa, na la mwisho shimo likishafunikwa na kukaguliwa.

Lipa kwa njia inayoacha alama. Ujumbe wa malipo ya simu usifutwe. Ukilipa fedha taslimu, dai stakabadhi yenye tarehe, kiasi na saini. Makubaliano yenyewe yanaweza kuwa ukurasa mmoja wa daftari, nakala mbili, wenye majina ya pande zote, eneo, ukubwa wa shimo, hatua za kazi, siku, bei na saini za mashahidi wawili.

Kuipokea kazi

Kabla majani hayajaingia shimoni, kamata konzi moja ya vipande na uiminye kwa nguvu. Maji yakichuruzika, majani bado ni mabichi mno. Ukiachia mkono na donge likasambaratika mara moja, yamekauka kupita kiasi. Donge likilegea polepole na kiganja kikabaki na unyevu, yapo sawa. Pima pia urefu wa vipande: vilivyo virefu kama kidole kizima havishindiliki vizuri. Kagua ushindiliaji kwa kupita juu ya kila tabaka, mguu usizame.

Baada ya kufunika, shimo lisifunguliwe kabla ya siku 21, na kungoja wiki 6 ni bora zaidi. Sileji njema ina rangi ya kijani iliyoingia umanjano na harufu ya uchachu isiyochukiza. Iliyo nyeusi, yenye utelezi, ukungu au harufu ya kuoza isilishwe mifugo, kwa kuwa sumu za ukungu zaweza kupita hadi kwenye maziwa yanayonywewa nyumbani.

Kazi ikiharibika

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayatambua makubaliano ya hiari hata yakiwa ya mdomo. Ugumu huwa katika kuyathibitisha. Iwapo muda ulikuwa kiini cha makubaliano na mtoa huduma akauvuka, aliyeahidiwa anaweza kujitoa. Aliyepata hasara anaweza kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo. Hata hivyo, anatarajiwa kujitahidi kuipunguza. Aliyeyaacha majani yaoze huku akiwa na panga, nailoni na majirani hatadai yote.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, kwa mfano kudai mashine ina uwezo isiokuwa nao, na malalamiko ya namna hiyo hupelekwa Tume ya Ushindani. Lakini sheria hiyo inamtofautisha anayenunua huduma kwa matumizi yake na anayeinunua ili kuzalisha bidhaa za kuuza. Mfugaji anayeuza maziwa asiitegemee peke yake. Ngao yake ya kwanza ni ukurasa ule wa daftari.

Tatizo likitokea, fuata utaratibu huu. Mweleze mtoa huduma siku hiyohiyo, kwa maandishi au ujumbe wa simu. Piga picha za shimo na majani. Mwite ofisa mifugo wa kata aone na kuandika maoni yake kabla hujaondoa kilichoharibika. Tafuteni suluhu mbele ya uongozi wa kijiji. Ikishindikana, madai ya fedha yanayotokana na mkataba yanaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo.

Maswali saba kabla ya kukubaliana

1. Ni hatua zipi za kazi zimo katika bei?
2. Kipimo cha malipo ni kipi, na nani atapima?
3. Nani atalipia mafuta, usafiri, nailoni na molasi?
4. Siku ya kwanza na ya mwisho ya kazi ni zipi?
5. Itakuwaje mvua ikinyesha au mashine ikiharibika?
6. Arubuni ni kiasi gani, na fungu la mwisho litalipwa lini?
7. Makubaliano yameandikwa, na kila upande una nakala?

Swali lolote likikosa jibu, mashine isianze kukata. Majani yaliyosimama shambani yanaweza kungoja siku mbili zaidi. Yaliyokwisha kukatwa hayangoji.