Fahamu: Kwa nini mvua ya mawe hupandisha bei ya bima ya chai

Kaunti za Kericho na Bomet, nchini Kenya, ziko katika ukanda unaopigwa na mvua ya mawe mara nyingi mno. Dakika chache zinatosha. Majani mawili na kichipukizi, ambavyo ndivyo mkulima huchuma, hubaki vimechanika au vimetapakaa chini, na shamba hukaa wiki kadhaa bila kilo hata moja ya kupeleka kwenye kituo cha kununulia.

Bima hufanya kazi pale wengi walio salama wanapowabeba wachache waliopata hasara. Hapa hasara hurudi kila mwaka, basi ada hupanda. Wenye mashamba yasiyopigwa sana hujitoa, na wanaobaki hutozwa zaidi.

Kuna ugumu mwingine. Mawe huanguka kwa ukanda mwembamba: ng'ambo moja ya mto chai imenyolewa, ng'ambo ya pili haijaguswa. Mpango wa bima ya kilimo wa Kilimo Salama, ulioanza 2009, ulitumia vituo vya hali ya hewa kupima mvua na ukame, lakini kituo hakioni mawe yaliyoanguka kilomita mbili mbali. Lazima mkaguzi afike shambani, na kwa mwenye nusu ekari, safari hiyo yaweza kugharimu zaidi kuliko ada yenyewe.

Kwa mahindi njia ilipatikana: mwaka 2016 serikali ilianza kuchangia nusu ya ada ya bima katika baadhi ya kaunti. Mkulima mdogo wa chai anastahili mpango kama huo, ada yake ikikatwa kupitia kiwanda chake.