Mkono mdogo, pikipiki kubwa: Namna ya kurekebisha klachi na breki zimfae mwendeshaji

Na Mwandishi Wetu

PIKIPIKI si tena chombo cha vijana wa bodaboda peke yao. Leo wapo wauguzi wanaoitumia kufuata wagonjwa vijijini, walimu wanaosafiria kwenda shule za mbali, na maafisa ugani wanaozunguka mashambani tangu asubuhi hadi jioni.

Mwaka 2022, kwa mfano, Serikali ya Tanzania ilizindua ugawaji wa pikipiki zipatazo 7,000 kwa maafisa ugani, na miongoni mwa maafisa hao wamo wanawake. Mwenye kukabidhiwa chombo cha namna hiyo hachagui ukubwa wake. Hupewa funguo, hutia saini, kisha huondoka nacho.

Hapo ndipo tatizo ambalo halizungumzwi sana huanza. Pikipiki nyingi zinazotumika nchini zimeundwa kwa kukadiria mkono wa mwanamume wa kimo cha kawaida. Mwanamke mwenye vidole vifupi, au mwanamume mwenye kiganja kidogo, hujikuta akinyoosha vidole mpaka mwisho ili tu aiguse breki.

Wengi hudhani dawa yake ni kuzoea. Ukweli ni kwamba mkono haurefuki kwa mazoea, bali chombo ndicho kinachoweza kurekebishwa, na sehemu kubwa ya marekebisho hayo haihitaji zaidi ya spana mbili na fundi mwenye subira.

Kwa nini jambo hili ni la hatari

Pikipiki inapopunguzwa mwendo, uzito wake na wa mpandaji huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na kupata mshiko zaidi, ilhali la nyuma huwa jepesi. Kwa sababu hiyo, breki ya mbele ndiyo yenye uwezo mkubwa wa kusimamisha chombo.

Mwendeshaji ambaye vidole vyake haviifikii vyema breki hiyo huiacha, akategemea breki ya mguu peke yake. Siku anapokatiziwa njia ghafla, hukanyaga kwa nguvu, tairi la nyuma hujifunga, na pikipiki huteleza upande.

Muda nao una uzito wake. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi nchini, pikipiki husafiri karibu mita 14 kila sekunde. Anayechelewa nusu sekunde kwa kutafuta breki kwa ncha za vidole amekwisha kusogea mita saba kabla breki haijaanza kufanya kazi. Mita saba ni zaidi ya upana wa barabara nyingi za mitaani.

Ipo hatari nyingine. Mwenye mkono mdogo anaponyoosha vidole kuifuata breki, kiganja chake cha kulia huviringika pamoja na kishikio cha resi. Badala ya kupunguza mwendo, injini huongeza nguvu wakati ule ule anaotaka kusimama.

Jipime kabla ya kuondoka

Kabla ya kugusa spana, mwendeshaji apime kama tatizo lipo. Akae juu ya pikipiki iliyozimwa, kwa namna anavyokaa anapoendesha, kisha aweke viganja juu ya vishikio na kunyoosha vidole juu ya wenzo, yaani ule mkono wa chuma wa klachi au wa breki.

Kiungo cha kwanza cha kidole cha shahada na cha kati, kile kilicho karibu na ukucha, kinapaswa kufika juu ya wenzo. Ikiwa zinazogusa ni ncha tu, wenzo uko mbali mno.

Kisha abane wenzo wa klachi mpaka mwisho. Ikiwa kiganja kinalazimika kuondoka kwenye kishikio ili vidole vifike, basi usukani unapoteza mshiko kila anapobadili gia.

Anza na yasiyo na gharama

Marekebisho ya kwanza ni pembe ya wenzo. Kila wenzo umefungwa kwenye bomba la usukani kwa kibano chenye bolti moja au mbili. Bolti zikilegezwa kidogo, wenzo huweza kuzungushwa juu au chini. Kipimo chake ni kwamba mkono, kifundo na vidole vikae katika mstari mmoja ulionyooka. Wenzo ulio juu mno hukunja kifundo, na kifundo kilichokunjwa hupunguza urefu wa vidole pamoja na nguvu zake.

La pili ni kuusogeza wenzo ndani kidogo, kuelekea katikati ya usukani, ili vidole viangukie karibu na ncha yake. Kila mtu anajua kuwa mlango ni mzito ukisukumwa karibu na bawaba, na ni mwepesi ukisukumwa kwenye ukingo. Wenzo wa klachi hufuata kanuni hiyo hiyo. Vidole vikibana sentimita 12 kutoka kwenye egemeo badala ya sentimita sita, nguvu inayohitajika hupungua kwa nusu.

Hata hivyo, ni lazima kuangalia swichi za taa na honi zilizo jirani. Baadhi zina pini inayoingia katika tundu la bomba la usukani, nazo hazipaswi kulazimishwa.

La tatu ni unene wa kishikio. Bomba la usukani la pikipiki nyingi lina kipenyo cha milimita 22, na mpira wa kishikio huongeza juu yake. Waendeshaji wengi hupenda kuongeza sponji, kitambaa au mipira minene kwa ajili ya urembo na kuzuia mtetemo. Kwa mwenye mkono mdogo, mapambo hayo humwondolea milimita anazozihitaji. Avue yote na kufunga mipira myembamba.

Glavu nazo zisisahaulike. Zikiwa kubwa, ncha zake tupu hukunjamana na kunasa kwenye wenzo. Zikiwa nene mno, ni sawa na kunenepesha kishikio.

Waya wa klachi

Pikipiki nyingi za injini ndogo hutumia waya kuunganisha wenzo wa klachi na injini. Kwenye waya huo kuna nati ya kurekebishia ulegevu. Ulegevu ukiongezwa kidogo, mahali ambapo klachi huanza kushika husogea karibu na kishikio, ambako vidole vifupi vina nguvu na vinaweza kuitawala.

Lakini jambo hili lina mpaka. Ulegevu ukizidi, pleti za klachi haziachani kikamilifu. Dalili zake ni gia kuingia kwa kishindo, kushindwa kupata frii, na pikipiki kusogea yenyewe ikiwa kwenye gia ya kwanza ingawa klachi imebanwa. Ulegevu ukikosekana kabisa, pleti huteleza, zikaungua na kwisha mapema.

Kabla ya kulaumu mkono wake, mwendeshaji aukague waya wenyewe. Waya uliojaa vumbi, uliokunjwa vibaya au ulioanza kukatika nyuzi huifanya klachi kuwa nzito maradufu. Matone machache ya oili nyepesi ndani ya waya na grisi kidogo kwenye bolti ya egemeo huleta nafuu kubwa. Waya uliochanika haufai kutiwa oili, bali kubadilishwa.

Wapo mafundi wanaochomelea kipande cha chuma ili kurefusha mkono wa klachi ulioko kwenye injini. Ni kweli klachi huwa nyepesi, lakini mwendo wa pleti hupungua kwa kiwango kile kile, na klachi huishia kutoachia. Nafuu hiyo hulipwa kwa kuharibu gia.

Breki si ya kubahatisha

Breki ya mbele ya waya, ile isiyo na diski, hurekebishwa kwa nati iliyoko kwenye wenzo au kwenye gurudumu. Hapa pia sehemu inayoshika inaweza kusogezwa karibu na kishikio, kwa sharti moja lisilovunjwa: wenzo ukibanwa kwa nguvu zote usiguse kishikio. Ukigusa, breki imefika mwisho kabla ya kazi yake kwisha.

Breki ya diski inayotumia mafuta inahitaji tahadhari zaidi. Wenzo wake husukuma pistoni ndogo, na wenzo ukiachiwa, pistoni hurudi nyuma na kufungua tundu linaloruhusu mafuta kurejea kwenye kikopo chake. Fundi akiweka kipande cha bati au kukaza skrubu ili wenzo ukae karibu, pistoni huenda isirudi yote. Mafuta hupata joto, hutanuka, hukosa njia, na breki hujikaza yenyewe njiani. Kwa hiyo lazima ubaki ulegevu mdogo unaohisika kabla pistoni haijaanza kusukumwa.

Jambo la kukataa kabisa ni kuukunja wenzo kwa nyundo au kwa moto. Wenzo nyingi ni za aluminiamu iliyomiminwa. Zikikunjwa hupata nyufa zisizoonekana, na hukatika siku zinapobanwa kwa nguvu kuliko siku zote, yaani siku ya dharura.

Njia iliyo salama ni kununua wenzo wenye gurudumu dogo la kurekebishia umbali. Pikipiki nyingi kubwa huja nao tangu kiwandani, ukiwa na namba za kuchagua. Kwa pikipiki ndogo huuzwa kama vipuri, ila ni lazima ulingane na aina ya pikipiki husika, kwani tofauti ndogo kwenye sehemu inayogusa pistoni inatosha kuleta madhara yaliyotajwa.

Ufundi wa mkono

Chombo kikishalingana na mkono, inabaki kazi ya kujifunza kuutumia vizuri.

Kwanza, kishikio cha resi kisishikwe kama fimbo, bali kwa mshazari kidogo, kama mtu anavyoshika bisibisi. Kifundo kiwe chini wakati resi imefungwa. Mwendeshaji anayeanza na kifundo kilichoinuka huvuta resi bila kukusudia kila anapofuata breki.

Pili, ajizoeze kufunga resi kwanza, ndipo vidole viende kwenye breki. Mazoezi haya yafanyike pikipiki ikiwa imezimwa, mara kadhaa kila siku, mpaka mkono uyafanye bila kuamriwa.

Tatu, achague vidole vinavyomfaa. Wakufunzi wengine husisitiza vidole viwili, yaani cha shahada na cha kati. Kwa mwenye vidole vifupi na breki nzito, ni halali kutumia vinne. Kilicho muhimu ni kubana hatua kwa hatua kwa nguvu inayoongezeka, si kukwapua.

Nne, kwenye foleni aweke frii badala ya kushikilia klachi. Misuli ya mkono uliochoka hulegea bila taarifa, na klachi ikiachiwa ghafla pikipiki huruka mbele kwenye gari lililosimama. Pamoja na hayo, pleti hudumu zaidi.

Tano, akikaribia makutano, kivuko cha watembea kwa miguu au kundi la watoto, vidole vikae tayari juu ya breki. Huku kunaokoa ile nusu sekunde iliyotajwa hapo juu.

Zipo pia zisizo na klachi

Kwa mwenye nafasi ya kuchagua, si lazima apambane na klachi. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1958, ilitengenezwa bila wenzo wa klachi, kwa kuwa klachi yake hujiendesha yenyewe injini inapoongeza mzunguko. Aina hiyo ilivuka idadi ya milioni 100 zilizotengenezwa mwaka 2017.

Skuta nazo hazina klachi ya mkono, na breki zote mbili ziko mikononi. Pikipiki nyingi za umeme zinazoongezeka katika miji ya Afrika Mashariki hazina klachi wala gia. Hata hivyo, breki zake zipimwe kwa mkono vile vile.

Baada ya kurekebisha

Hakuna marekebisho yanayokamilika bila majaribio. Injini iwashwe pikipiki ikiwa frii, kisha usukani ugeuzwe kulia na kushoto mpaka mwisho. Mlio wa injini ukiongezeka, waya wa resi umevutika na unapaswa kupangwa upya. Bolti zote zilizolegezwa zikaguliwe tena.

Halafu pikipiki isukumwe kwa mikono na breki zijaribiwe, na baada ya hapo iendeshwe polepole kwenye uwanja ulio wazi. Barabara kuu iwe ya mwisho.

Waajiri wanaogawa pikipiki kwa watumishi wao wana sehemu yao. Siku ya makabidhiano, pamoja na kofia ngumu na kitabu cha kumbukumbu za safari, awepo fundi wa kumpima kila mtumishi akiwa juu ya chombo chake. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa kwa mtu mmoja.

Mwendeshaji naye asione haya kusema kuwa breki iko mbali. Anayenyamaza kwa kuogopa kuonekana dhaifu ndiye atakayekuwa barabarani siku mtoto atakapokimbilia mpira mbele yake.