Si Kila Maumivu ya Mgongo Yaletwayo na Mizigo

Kila siku alfajiri, wanaume wengi hutoka Mukuru na Kaloleni wakielekea kwa miguu katika eneo la viwanda la Nairobi, Industrial Area. Jirani yangu alikuwa mmoja wao. Kwa zaidi ya miaka 30 alipakia magunia kwenye malori kandokando ya barabara ya Lunga Lunga. Alipoanza kulalamikia mgongo, sote tulimwambia kuwa hayo ndiyo malipo ya uhamali. Akanunua vidonge na mafuta ya kuchua.

Maumivu yalizidi usiku, alipolala. Kisha miguu ikaingia ganzi na kulegea. Mkojo ulipoanza kumponyoka, aliona haya kuwaambia hata wanawe. Tulipomfikisha hospitalini, hakuweza kusimama.

Chanzo, daktari alitueleza, hakikuwa magunia. Kilikuwa saratani ya tezi dume, ile tezi ndogo iliyo chini ya kibofu cha mkojo. Saratani hii ikienea, aghalabu huvamia mifupa, hasa pingili za uti wa mgongo. Uvimbe ukikua humo huweza kuubana ugwe wa neva upitao katikati, ambao hupeleka amri za ubongo kwenye miguu na kibofu. Amri zikikatika, mtu hupooza.

Ndugu msomaji, jambo hili huhesabiwa kwa saa, si kwa majuma. Mgonjwa anayetibiwa akiwa bado anatembea, yaelekea ataendelea kutembea. Aliyekwisha kupooza ni nadra kurejeshewa miguu yake. Tiba zipo: dawa za kupunguza uvimbe, upasuaji, miale, na kuzuia homoni za kiume ziilishazo saratani hii, njia aliyoionyesha Charles Huggins mwaka 1941 na kutuzwa Nobel mwaka 1966.

Walimu wenzangu, sisi huchora mfumo wa neva ubaoni, mwanafunzi akaukariri kwa ajili ya mtihani. Na tumwambie pia kwamba mzee anayeumwa mgongo, kisha miguu ikalegea au mkojo ukamshinda, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Jirani yangu angali hai. Kila alfajiri huketi mlangoni pake, akiwatazama wenzake wakipita kwenda kazini.