Kufunga jimbo zima au komini moja: nani analipa?

Jumapili, tarehe 22 Machi 2020, gavana wa jimbo la Haut-Katanga nchini Kongo, Jacques Kyabula, alitangaza kwamba Lubumbashi na Kasumbalesa zitafungwa kwa saa 48 kuanzia kesho yake. Abiria wawili waliotoka Kinshasa kwa ndege walishukiwa kuwa na Korona. Siku mbili tu: kwa hesabu ya haraka, hakuna kufunga kwa bei rahisi kuliko huko.

Lakini bei hiyo hailipwi sawa. Mwenye gunia la unga nyumbani anakaa na kungoja. Anayenunua unga kwa meka, kipimo kidogo cha sokoni, wa bukari (ugali) ya jioni ile ile, lazima akimbilie soko pamoja na mji mzima, na muuzaji anajua hivyo. Kwa maskini, kufungwa kunaanza kumgharimu saa linapotoka tangazo, kabla ya polisi kusimama barabarani.

Kinshasa walilionja hilo bila hata kufungwa. Tarehe 26 Machi gavana Gentiny Ngobila alitangaza mpango wa siku nne ndani, siku mbili nje, kwa wiki tatu. Bei zikaruka, na kesho yake mpango ukaahirishwa.

Badala yake wakafunga komini moja, Gombe, kuanzia tarehe 6 Aprili. Ilikuwa na mantiki: wagonjwa wengi wa mwanzo walikuwa huko. Ila Gombe ndiko kwenye benki, ofisi na Soko Kuu. Mkaaji wa Gombe alibaki na friji yake. Mchuuzi wa komini ya Masina akapoteza mahali pa kuuzia. Vizuizi viliondolewa tarehe 29 Juni. Kwa hiyo ramani ndogo haimaanishi gharama ndogo, kwa sababu inawafikia hata walio nje ya mstari.

Kufunga eneo dogo ninakokupendelea ni kule kwa Uganda, wakati wa Ebola. Wilaya za Mubende na Kassanda zilifungwa tarehe 15 Oktoba 2022, malori ya mizigo yakaruhusiwa kupita, nchi ikaendelea. Agizo la kwanza lilikuwa la siku 21. Kufuli liliondolewa tarehe 17 Desemba. Taifa lililipa kidogo, wilaya mbili zikalipa sana.

Sasa rudi Haut-Katanga, uweke Kilwa, kando ya ziwa Mweru, katika hesabu hiyo. Samaki wa ziwa hilo wanapelekwa Lubumbashi kwa barabara inayopita Kasomeno, ambayo mvua ya Machi peke yake inatosha kuitesa. Ukifunga jimbo zima, samaki wabichi wanaoza au wanakaushwa upesi na kuuzwa kwa bei ya hasara. Ukifunga Kilwa peke yake na lori likapita, walaji wa Lubumbashi hawasikii sana. Anayeumia ni mvuvi na mama mchuuzi, basi msaada uende kwao. Na kama ugonjwa ni kipindupindu, ambacho kando ya ziwa hili ni mgeni asiyeaga, kufunga barabara ni kutupa pesa: kinaenezwa na maji machafu, kwa hiyo nunua klorini na uchimbe vyoo.

Mimi nachagua eneo dogo, kwa masharti matatu: tangazo litoke siku kadhaa mapema, mizigo ipite, na unga ugawiwe kwa waliofungiwa. Gavana akikosa hata moja, mwulizeni siku ile ile, kabla soko halijafungwa.